Ghorofa Isiyokuwepo Inaungua

Sanduku jekundu la ukutani lilikuwa limeandika kwamba ghorofa ya nne inaungua. Shida ni moja tu: jengo la Menara Kemboja halina ghorofa ya nne.

Muniandy, mlinzi wa mlangoni, alisoma maandishi yale mara mbili, kisha akaweka chini kikombe chake cha chai ya maziwa. Taa ilikuwa ikipepesa, na sanduku likilia pii, pii, kwa sauti ya chini. Huo ndio ustaarabu wake. Kigunduzi cha moshi kikinusa kitu huko juu, sanduku humnong'oneza mlinzi kwanza, apande akatazame. Kigunduzi cha pili kikinusa pia, basi tena: linapiga kengele jengo zima, linashusha lifti na kuwaita zimamoto lenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Bosi! Njoo uone maajabu."

Anko Teoh, mwenyekiti wa wakazi, alikuja mbio akijifuta jasho. Leo hakutaka maajabu. Alikuwa anauza nyumba yake ya ghorofa ya tano, ahamie Ipoh kwa binti yake kabla mjukuu hajazaliwa, na baada ya msururu wa wateja wa kupiga domo tu, Madam Khoo alikuwa amekuja kwa nia. Yule pale kwenye kochi la mapokezi, anajipepea, anasubiri kupandishwa. Tangu asubuhi Anko Teoh alikuwa amepiga deki, ametundika mapazia mapya ya manjano, amebandika sufuria ya majani ya pandani ili nyumba inukie, na amembembeleza jirani amfungie mbwa wake.

"Ghorofa gani?"

"Ya nne."

Anko Teoh akashusha pumzi. "Nne ipi, we Muniandy? Nne si niliiondoa mwenyewe!"

Ni kweli. Kwa Wachina wa Penang, Malaysia, "nne" na "kifo" ni maneno yanayokaribiana mno mdomoni, na hakuna anayependa kupanda lifti kwenda kulala kifoni. Anko Teoh alipopata uenyekiti, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubadilisha vitufe vya lifti: baada ya tatu, tano. Wakazi walimpigia makofi.

"Basi ni wale wageni," Muniandy alinong'ona. "Mwezi wa saba wa Kichina huu, bosi. Mizuka imeachiwa itembee, imekuta ghorofa yake imenyang'anywa."

"Mzuka hautoi moshi."

"Labda huyu anavuta sigara."

"Zima hiyo takataka kabla mama wa watu hajasikia!"

"Lakini bosi, natakiwa nipande nikatazame."

"Utatazama nini? Kuna tatu, kuna tano. Katikati kuna zege!"

Muniandy akabonyeza. Mlio ukanyamaza, ila taa iligoma kuzimika, kwa hiyo Anko Teoh akaitundikia kofia yake.

"Kuna tatizo?" Madam Khoo aliuliza.

"Hata kidogo, Madam. Sanduku limezeeka, linaota mchana."

"Nyumba ni ya tano, sivyo? Mama mkwe wangu atauliza hilo kabla hajauliza choo kiko wapi."

"Ya tano, Madam. Kitufe utakibonyeza mwenyewe."

Lifti ilipofunguka tu, kengele zikalipuka jengo zima. Lifti ikagoma kuondoka. Watu wakamiminika kwenye ngazi, mmoja ana povu la sabuni kichwani, mwingine amekumbatia tundu la njiwa wake wa mashindano. Muda si muda gari la zimamoto likaingia uani, na Sajini Norhayati akaruka chini.

"Wapi?"

"Sanduku linasema ya nne," Muniandy alijibu, "ila hapa hakuna ya nne, Afande."

"Ya tano ipo?"

"Ipo."

Sajini alimtazama juu hadi chini. Akazunguka nyuma ya jengo, na Anko Teoh na Madam Khoo wakamfuata. Pale akainua kidole ili vijana wake wenye mipira ya maji waelewe.

"Ya chini siihesabu," alisema kwa sauti, kama mwalimu wa chekechea. "Moja. Mbili. Tatu. Nne!"

Kidole kilisimama kwenye dirisha linalofuka moshi. Mapazia ya manjano yalikuwa yakipepea nje.

Anko Teoh alikaa chini kwenye lami kama alivyo.

Moto wenyewe haukuwa wa kutisha. Sufuria ilikuwa mkaa, ukuta wa jiko mweusi, na hakuna aliyeumia. Anko Teoh alikaa palepale akilia waziwazi, akimwona mjukuu wa Ipoh akizaliwa bila yeye, akingoja tu kusikia viatu vya mteja wake vikiondoka.

Badala yake Madam Khoo akamshika bega.

"Usilie, Anko. Ukuta ni wa kupaka rangi tu, na jiko ningelibadilisha hata hivyo. Moto si kitu."

Anko Teoh nusura aubusu mkono ule.

Madam Khoo akamgeukia sajini. "Afande, hebu hesabu tena."