Mjukuu wa Katongo

Kifuniko cha sufuria kilidondoka gizani, kikazunguka sakafuni, kikanyamaza.

"Abi, rudi kulala," Bijou alinong'ona.

"Siko na usingizi. Tunaenda?"

"Tunaenda."

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Bijou alimvalisha binti yake Abigaïl kwa kupapasa, akachukua jembe na chupa ya maji, wakatoka mtaa wao uitwao Kenya kwa miguu huku kukipambazuka. Alitaka wafike kwenye makaburi ya zamani kabla ya wengine, amshawishi mwenyekiti wa kamati ya makaburi akiwa peke yake.

Walichelewa. Watu wa salongo, kazi ya pamoja ya usafi, walishajaa na majembe yao, na Tata Mukuka, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anapaka chokaa lango.

"Mujukuu ya Katongo huyu hapa!" alipaza sauti.

Ndivyo walivyomwita wote. Makaburini pale hakuna aliyeombwa karatasi. Ukilima majani ya kaburi miaka miwili mfululizo, kamati inakuandika kwenye daftari: wewe ndiwe familia. Wengine walikuja mara moja kwa mwaka, wakapiga picha, wakaenda. Bijou alikuja kila Jumapili, mwaka wa tatu sasa, kwa kaburi la Katongo, mpiga tarumbeta wa wafanyakazi wa reli.

Kwa hiyo sherehe ya kila mwaka ya kukumbuka wafu, safari hii ilikuwa ya Katongo. Fanfare, bendi ya tarumbeta na ngoma, ingepiga, wanafunzi wangecheza, na kibao kikubwa cha simenti kingesimikwa ubavuni mwa kaburi, upande wa kushoto.

"Tata, wekeni kibao kwa kichwa," Bijou alisema.

"Kwa kichwa iko mizizi ya muti."

"Basi kuume."

"Kuume iko bantu bengine. Kushoto hakuna muntu. Na ni pazuri, weye mwenyewe unapasafishaka kila Jumapili."

"Nakuomba, tata. Msichimbe pale."

Mama Germaine, aliyekuwa anagawa chai, aliangua kicheko. "Huyu anamupenda babu yake kupita bwana yake! Mwanangu, mzee wa watu alikufa zamani, hasikie jembe. Utuambie basi kwa mikro, alikufa na nini?"

Bijou alitazama jiwe la kaburi. "Na... na uzee."

"Uzee! Hapa bameandika miaka makumi tatu na mbili!"

Watu walicheka, na Bijou akajilazimisha kucheka nao. Mama Germaine akamfunga kiunoni kitenge, pagne mpya ya sherehe, akaikaza vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Mtu akamtia kipaza sauti mkononi. Nyuma yake fanfare ilijipanga, pembeni wanafunzi, mbele wazee wa kamati. Kila walipozidi kumheshimu, duara lilizidi kufunga, na lango likawa halionekani tena.

Akikataa mbele ya umati ule, ingebidi atoe sababu. Na ile sababu hakuwahi kumwambia mtu mzima yeyote.

Tarumbeta na ngoma zililia. Dédé, fundi wa simenti, alivua shati, akatemea viganja mate, akainua jembe.

Pigo la kwanza.

Bijou alisimama. Alipeleka mikro mdomoni.

"Sema, mujukuu!" Tata Mukuka alimtia moyo.

Pigo la pili. Dédé akasita, akainama, akasaga udongo mwekundu kati ya vidole.

"Tata, udongo ya hapa iko laini. Ni kama balishaka kuchimba."

"Ni mvua tu. Endelea."

"Ngoja," Bijou alisema, lakini ngoma ilikuwa karibu kuliko sauti yake. Alitaka kupita. Mama Germaine akamshika mkono kwa upendo, akamrudisha kitini: utachafua pagne, mwanangu.

Jembe lilipanda kwa mara ya tatu. Abigaïl alipenya kati ya miguu ya wapiga ngoma, akaenda kusimama pale pale mbele ya shimo, akamvuta Dédé suruali. Mpiga ngoma alimwona, akaacha kupiga.

"Tonton, musichimbe hapa, mudogo yangu iko analala."