Udi wa Arobaini

Tangu panya wa maabara wapumzishwe, hakuna nyumba iliyofukiza udi mpya kabla ya kuupima moshi wake kwenye kisahani cha seli zilizooteshwa kutoka puani mwa mtoto wa nyumba hiyo.

Bi Shekha alipika udi kwa arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wake. Mkwewe, Nawal, akakichungulia kisahani cha seli za mwanawe kwenye lenzi, roho mkononi. Vinywele vya seli vilizidi kupepea ndani ya moshi.

“Vinacheza, mama! Haudhuru!”

“Alhamdulillahi! Basi kimwage hicho, mwanangu, tumfukize mwenyewe.”

Nawal alicheka, kifua kimemfunguka. Akafungulia bomba, kisha akakichungulia kisahani kwenye lenzi mara ya mwisho kabla ya kukimwaga. Vinywele vilikuwa bado vinapepea.

Akafunga maji, akakilaza kisahani kando ya mtoto, akawashushia wote wawili chandarua kimoja.