Jina la Twiga Lilipoitwa

Mlima umeporomoka! Tope limemeza bweni letu lote, limeacha kona moja tu ya bati, na sisi tumepangwa uwanjani tunatetemeka huku mwalimu wa zamu akiita majina. Pembeni wanakijiji wameshika majembe, wanasubiri waambiwe kama kuna mtu wa kufukuliwa.

Akaita jina la Twiga.

"Nipo!"

Jamani, ni mimi niliyeitika, si yeye! Miaka miwili namwitikia Twiga akikacha vipindi, naikaza sauti iwe nzito kama yake. Hata asubuhi hii alijivutia shuka bwenini, akaniambia, "Niitikie, ndugu yangu, leo kichwa kinaniua." Sasa kwa woga huu mdomo umejiitikia wenyewe.

Mwalimu akaweka alama. Akafika mwisho wa daftari, akafuta jasho. "Wote wapo! Wazee wangu, hakuna haja ya kuchimba. Rudini nyuma, udongo bado unateremka."

Majembe yakashushwa. Nikatafuta kile kichwa cha Twiga kinachopita vichwa vyote. Hakipo.

Mama yake akaja mbio kutoka kwa wanakijiji, tope hadi magotini, anacheka huku analia. Akanishika mkono. "Nimemsikia, mwanangu! Sauti yake kabisa! Yuko wapi huyo mrefu wangu, nimchape kwanza halafu nimkumbatie?"

Vidole vyake vilikuwa vya moto kwenye mkono wangu.

"Mama," nikasema, "aliyeitika ni mimi."