Transfoma ya Pili

Barua haikuwa na jina la mwandishi. Ilisema tu kwamba Mama Nazir wa Ngokolo anaficha dhahabu, na kwamba ndani ana mashine ya kuzungumza na watu wa nje. Pembeni mwa karatasi palikuwa na tone gumu la rangi ya fedha, limeng'ang'ania kama gamba la samaki. Sajini Ghati alijaribu kulibandua kwa ukucha, likakataa. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akamwita Konstebo Onesmo.

Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na Ghati hakuwa na subira na watu wa maduka kama Mama Nazir. Aliingia bila hodi wala salamu. Balozi wa nyumba kumi alibaki mlangoni, akitazama viatu vyake mwenyewe.

Walimwaga unga. Walipasua godoro na mito. Onesmo aliingiza mkono kwenye pipa la maji mpaka kwapani. Muda wote huo Mama Nazir alikaa mezani na chuma chake cha kulehemia, akiunga nyaya kana kwamba nyumba ilikuwa na nzi tu.

"Hiyo ndiyo redio yenu?" Ghati aliuliza.

"Ni kompyuta, afande. Aliniletea kaka yangu Liaquat, kutoka Bujumbura. Ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti kumi na sita, naifikisha arobaini na nane."

"Basi iulize kama inakumbuka dhahabu ilipo."

Mama Nazir hakucheka. Tone la lehemu lilidondoka mezani, likaganda.

"Fungua yote."

Mashine alikuwa ameihamishia kwenye sanduku la bati. Alitoa skrubu moja moja, na Ghati akatia vidole kila pembe. Chini ya ubao wa nyaya kulikuwa na transfoma mbili, kila moja rundo la vibati vyeusi vilivyobanwa pamoja.

"Mbili za nini?"

"Kumbukumbu ikiongezeka, umeme wa transfoma moja hautoshi. Unanielewa, afande, au nimwite mtoto wa shule akueleze?"

Ghati alihisi masikio yakimwaka. "Iwashe."

Iliunganishwa na televisheni ya kutazamia mikanda ya video. Ikahesabu moja hadi mia mbili bila kukosea. Onesmo alitabasamu, Ghati akamkata jicho.

Dhahabu hakuna, redio hakuna, na mwanamke kamdharau mbele ya balozi. Ghati hakuwa mtu wa kutoka mikono mitupu.

"Mashine hii ina kibali?"

"Haina."

"Basi inarudi ilikotoka. Leo. Lori la Burundi linaondoka saa nane, na nitaipandisha mwenyewe."

"Afande, nimeihangaikia miezi minne."

"Sasa atahangaika kaka yako."

Mama Nazir aliinamisha kichwa. "Basi niachie niifunge mwenyewe. Nimwekee humo vitu vyake viwili vitatu."

Ghati alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ndicho ulichokuwa unasubiri, siyo?"

Alirudisha skrubu kwa mkono wake. Juu ya kila moja alidondosha nta ya lakiri, akagonga muhuri. Kisha akaandika cheti: imekaguliwa, isifunguliwe njiani. Akatia sahihi. Mama Nazir alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Ghati alimtazama mpaka akaridhika.

Saa kumi, kituoni, Onesmo alikuwa bado anajikanda mikono.

"Lile sanduku zito gete, zito kweli, afande. Halafu nilipolibeba, upande mmoja lilikuwa la moto, upande wa pili baridi kama jiwe la mtoni. Ile transfoma ya pili haifanyi kazi. Yule mama na ujuaji wake wote, hajagundua."

Ghati alikuwa ameitandaza barua mezani ili aifungie kwenye jalada, na ukucha wake ulikuwa umegota kwenye tone la lehemu, sawa na lile lililoganda mezani kwa Mama Nazir.

Lori lilikuwa limeshapita Tinde kuelekea Burundi, na muhuri wa Ghati juu ya kila skrubu.