Jino la Mbele

"Nani amemng'oa mwanangu jino?"

Mama alipiga kaunta ya manesi kwa kiganja, kalamu zikaruka. Nyuma ya kioo binti yake wa miaka tisa alilala kimya, mpira wa kupumulia umezama kooni, plasta zimeushikilia shavuni. Mbele, kwenye ufizi wa juu, palikuwa na pengo bichi.

"Mama, punguza sauti," nesi alisema.

"Punguza wewe, muuaji!"

Wifi yake alisimama pembeni akichochea. "Wanasukuma mipira kama wanazibua choo. Usimwache huyo!"

Nesi alisogea karibu na kaunta. "Mpira huu huweza kung'oa jino, sikatai. Tulikuwa na haraka, mtoto alishakuwa wa bluu. Lakini jino lenyewe hatulioni, na picha ya kifua haieleweki. Likiwa limeingia pafuni, litaliozesha. Daktari anataka kumwingiza kamera kifuani sasa hivi, na alivyo dhaifu, anaweza asiamke. Asubuhi jino lilikuwepo?"

"Unaniuliza mimi?"

Machozi ya hasira yalimtoka. Yeye aliyefanya yote anayopaswa mama! Degedege lilipomwangusha mtoto jikoni, alimlegeza nguo, alimpepea, alihakikisha hang'ati ulimi, akambeba kifuani mbio hadi geti la hospitali. Walipompokonya mtoto, alisukumia mkobani vyote vilivyokuwa mikononi. Meno yote yalikuwepo. Hilo angeapa mbele ya yeyote.

"Asubuhi hii hii nimempiga picha anacheka! Leo mtaniambia mlikosomea. Simu yangu iko wapi?"

Alipekua mkobani, asiipate.

"Umwage tu huo mkoba, wifi," alisema yule mwingine. "Ushahidi wauone kwa macho yao!"

Akaumwaga wote juu ya kaunta. Funguo. Kadi ya kliniki. Simu, na kwenye kioo chake mtoto anacheka, meno yamepangana kama punje za mahindi. Mwisho ukadondoka mwiko wa mti, mpini wake umekauka damu.

Wifi alirudi nyuma hatua moja.

Nesi aliuokota taratibu, akaugeuza kwenye mwanga. Kati ya alama za meno zilizochimba mpini, jino moja jeupe lilikuwa limekwama.

"Daktari," aliita, "acha kamera. Jino tumelipata."