Upande wa Sentimita

"Kwa lile gauni unalonishonea, kiuno andika tisini na sita," binti alisema kwenye simu kutoka ng'ambo.

Mama yake, fundi cherehani, akacheka. "Unataka gauni au hema? Sema kwa inchi, mwanangu."

"Huku wanapima kwa sentimita, mama."

Fundi akageuza tepu upande asiowahi kuutumia, akaizungusha hadi tisini na sita. Duara likawa pana mno. Siku alipomsindikiza uwanja wa ndege, binti alikuwa mwembamba kama uzi.

"Mwanangu, una mimba?"

Binti akalia kwa kwikwi. "Nilitaka nikwambie nikija. Lakini kwa hali hii safari haipo tena."

Fundi akalishika duara lile kwa mikono miwili, akalisogeza taratibu kifuani.

"Mtoto anacheza?" akauliza.