Majina Matatu ya Mwisho

Serikali ilitwaa usimamizi wa shamba la Mzee Mbarouk kwa sababu kila asubuhi, akiwaita wakwezi wa minazi kazini, aliwaita na watu watatu waliokwisha kufa. Mwenye mali wa namna hiyo, hakimu aliandika, hawezi kuitunza.

Siku ya kwanza msimamizi wa serikali, Bwana Sinani, alisimama uani na daftari jipya, akaita majina kumi na moja. Wote waliitika, lakini hakuna aliyepanda.

"Mnangoja nini?"

"Hujamaliza kuita, bwana," alisema Makame, mkwezi mkongwe.

"Waliobaki ni marehemu."

"Tunajua, tumewazika wenyewe. Walianguka kutoka minazi hii hii. Wasipoitwa washuke, wanabaki kule juu, na sisi hatupandi mnazi wenye mtu."

Mzee Mbarouk alitazama kutoka dirishani. Alikuwa amekatazwa kusema lolote kuhusu shamba lake.

Bwana Sinani alicheka peke yake. Kisha, ili kazi ianze tu, akaita.

"Faki Juma!"

Kimya.

"Hamadi Kombo!"

Kimya.

"Shaame Vuai!"

Hapakuwa na upepo, lakini makuti ya mnazi wa pembeni yalitikisika, na nyayo zikasikika zikishuka shinani, kidato baada ya kidato. Wakwezi walisogeleana kumpisha mtu kwenye safu.

Bwana Sinani hakuthubutu kuinua macho. Aliliandika jina, akaweka alama ya aliyefika.

"Bado wawili, bwana," Makame alisema kwa upole. "Waite tena."